Kumvuta Malkia

Kwa miaka kumi na mmoja aliyofagia ofisi za Chama cha Riadha, mama yule hakuwahi kuambiwa kaa. Aliwahi kuambiwa toka, sogea, subiri nje, rudi baadaye, na siku moja walipokuja wageni wakubwa aliambiwa ajibanze nyuma ya mlango wa stoo mpaka wapite. Viti vya ofisi ile alivijua kwa upande wa chini kuliko upande wa juu. Alijua kipi kimebandikwa chingamu na nani, na kipi mguu wake umefungwa waya. Kwa hiyo Makamu Mwenyekiti alipoinuka nusu na kumwonyesha kiti, akasema, "Karibu, mama yangu, kaa," alielewa kwamba kuna kitu kimewakwama kooni na wanatafuta wa kuwapa maji.

Akakaa kwenye kiti cha waya, kwa sababu alijua kinavyokaliwa.

Mumewe alikuwa ameshatangulia. Alishika chupa ya soda kwa mikono miwili, kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga wa watu. Yeye ndiye aliyechora mistari ya uwanja, na kila mtu pale alimwita Mzee Chokaa. Mkewe aliitwa Mama Usafi. Binti yao, ambaye siku zile alikuwa nchi ya mbali kwenye mashindano ya dunia, aliitwa Mwiba tangu utotoni, kwa wembamba wake na kwa kuwa akishaingia hatoki.

Timu iliyosafiri ilikuwa na wakimbiaji sita na viongozi kumi na saba. Makamu alibaki. Nafasi yake ilikwenda kwa mke wa Mwenyekiti, aliyeandikwa kuwa mshauri wa lishe, ingawa waliowahi kufika kwake walisema anayeshiba katika nyumba ile ni mbwa. Makamu alikuwa ameumia sana moyoni, na aliambiwa kwamba medali ikipatikana, safari ijayo ni yake.

"Kesho kutwa ni fainali," alisema. "Wanawake, mita elfu moja mia tano. Tunao wawili ndani. Malkia, na binti yenu."

"Tunajua," mama alisema.

"Malkia ana medali, hilo halina mjadala. Lakini nyinyi ni watu wa uwanjani, mnamjua. Malkia anapenda mbio za kasi. Anahitaji mtu wa kumvuta."

Mama alimjua sana. Kila asubuhi akifagia majukwaa alimwona akifanya mazoezi nyuma ya wanaume wawili waliokodiwa wamtangulie. Siku wanaume wale walipochelewa, Malkia alikaa ndani ya gari akapaka rangi kucha. Pasipo mgongo wa mtu mbele yake, miguu yake ilisahau njia.

"Sasa kocha amemwomba Mwiba avute mizunguko miwili ya kwanza. Avute kwelikweli, kama anayekimbilia basi la mwisho. Hapo Malkia anapita, na yeye anamalizia alivyojaliwa."

"Akivuta hivyo mizunguko miwili hatakuwa na cha kumalizia. Atatembea."

"Kumaliza ni kumaliza, mama yangu. Hili ni la taifa."

"Na yeye amesemaje?"

Makamu alimtazama mume. Mume alitazama soda.

"Hapo ndipo pana tatizo kidogo. Anamjibu kocha, nitafanya atakavyosema mama. Siku ya pili leo, jibu ni hilo hilo. Mwenyekiti mwenyewe amemwita, kajibiwa hivyo hivyo. Jana Mwenyekiti akanipigia, akauliza, huyo mama ni nani?" Makamu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nikamwambia, Mheshimiwa, huyo ndiye anayekupangusia meza."

Mzee Chokaa naye akacheka, kwa adabu.

Makamu akaegemea kiti. Akasema nyumba ya msimamizi wa uwanja iko tupu tangu mwenyewe astaafu. Vyumba viwili, maji ndani. Akasema Mzee Chokaa ni mtu mzima, si vizuri kuendelea kuitwa jina la chokaa wakati cheo cha msimamizi kimelala tu. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo lisilo na maana, akasema Mwenyekiti amekuwa akiwaza kile chumba chao cha chini ya jukwaa kifanywe stoo ya viunzi vya kurukia mbioni.

Akufukuzaye hakwambii toka. Hukwambia hana pa kuweka viunzi.

"Kesho saa sita uje hapa," Makamu alimalizia. "Simu za wakimbiaji anazo kocha, atampa yake kwa dakika tano. Na usihangaike kufikiria maneno. Nitakuandikia."

Mama aliinuka, akachukua ndoo yake aliyoiacha mlangoni. Alipofika nje alisikia Makamu akimuuliza mumewe kama aongezewe soda, na mumewe akisema, kama si usumbufu.

Chumba chao kilikuwa chini ya jukwaa la magharibi, na dari yake ilikuwa ngazi zilizopinduliwa, kwa kuwa watu walikaa juu yake. Karibu na mlango mtu mzima aliweza kusimama. Hatua tatu ndani alikuwa ameinama, na kitandani alifika kwa magoti. Siku za mashindano makubwa mashabiki walikanyaga juu kwa furaha na vumbi la saruji likawaangukia kwenye chakula. Mwiba alikulia humo. Mpaka leo akiingia nyumba yoyote huinamisha kichwa kwanza.

Mume alirudi saa kumi, na utepe wake wa kupimia wa mita hamsini ukiwa begani.

"Chumba cha kwanza ni mita nne kwa tatu na nusu," alisema. "Dari iko sawa kote. Yaani mama Mwiba, hata kwenye kona unasimama."

"Nisimame kwenye kona nifanye nini?"

"Basi tu. Usimame."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Umeshapima na kitanda?"

"Nimepima. Kinaingia."

"Na mtoto je, umempima? Anaingia wapi?"

Mume akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Alikuwa mtu mpole, wa kuamka mapema na kunyoosha kamba, na upole wake ulikuwa umewapendeza wakubwa kwa miaka mingi, kama kiti cha zamani kinavyompendeza mtu kwa kuwa hakilii akikikalia.

"Tusidanganyane," alisema. "Mtoto hana medali. Kwenye karatasi muda wake ni wa saba. Awe wa saba, awe wa kumi na mbili, atarudi na begi lile lile. Kuna ubaya gani akisaidia?"

"Kama hakuna ubaya, Malkia amvute yeye."

"Unaongea kama hujaijua dunia."

"Dunia naijua, baba Mwiba. Huwa naimwaga kila jioni."

Akasukuma sinia pembeni, akaingia kwa magoti mpaka kitandani, akatoa kopo la dawa ya viatu lililokuwa chini ya godoro. Ndani mlikuwa na karatasi ya daftari la hesabu, yenye miraba, iliyokunjwa mara nne. Katikati ilikuwa na doa kubwa la mafuta, na juu pembeni muhuri wa zambarau wa ofisi: IMEPOKELEWA.

"Soma," alisema.

Mume akasogea mlangoni kwenye mwanga. Mwandiko aliutambua kabla ya maneno. *Ndugu Makamu Mwenyekiti, mimi ni mkimbiaji wa chama. Naomba kusaidiwa viatu vya misumari. Vyangu vimetoboka, na baba ameshavishona mara nne.*

Alisimama hapo.

"Mara tano," alisema polepole.

"Miaka miwili sasa," mama alisema. "Niliitoa kwenye pipa la Makamu. Alikuwa amefungia mfupa wa kuku ndani yake."

"Labda hakuisoma."

"Hakuisoma. Ndiyo ninayokwambia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema labda mfupa si wake."

Mume aliikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, mara nne, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea mistari. Mama alidhani amekwisha kuelewa, na moyo wake ukaanza kumlainikia.

"Lakini ile nyumba, mama Mwiba," mume alisema. "Maji yako ndani."

Mama alimtazama kama anavyotazama doa lililokataa sabuni. Kisha akavuta sinia, akaendelea na mchele.

Kesho yake saa sita Makamu alikuwa ameshaweka simu katikati ya meza, na karatasi iliyopigwa chapa mbele ya kiti cha waya. Mzee Chokaa alikuwa pale pale, na soda nyingine.

"Ni maneno machache," Makamu alisema. "Usiongeze, usipunguze. Soma kama ilivyoandikwa. Mwandishi wetu wa habari ameniandikia, ni mtaalamu."

Mama aliishia darasa la tano. Alikuwa anasoma vizuri, ila polepole, kila neno akilipangusa kabla ya kulipita. Simu ikaita, kocha akasikika akisema dakika tano tu, halafu sauti ya Mwiba ikaijaza ofisi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimepewa karatasi nikusomee."

"Haya."

Makamu alikunja uso kidogo. Mama akainama juu ya karatasi.

"Mwanangu mpendwa. Hapa anaongea mama yako mzazi. Mimi na baba yako tunakuomba uweke mbele maslahi ya taifa. Hapa nyamaza, vuta pumzi kama mtu anayetaka kulia."

Makamu alipunga mkono. Mama aliuona. Lakini alikuwa ameambiwa asipunguze.

"Sisi ni wazazi maskini tuliokulea kwa shida. Malkia ni kama dada yako. Mvute mizunguko miwili, na sisi tutajivuna. Hapa taja nyumba kwa upole. Usitaje viunzi. Ukikataa, mama yako nitaishi kwa aibu mpaka kaburini. Lia sasa, lakini si sana, maneno yasikike. Mwisho."

Akaiweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

Makamu alikuwa amefungua mdomo na hakujua amfokee nani, kwa kuwa kila neno lilikuwa lake.

"Mama," Mwiba alisema, "hapo kuna nani?"

"Makamu. Na baba yako, anakunywa soda."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Hayo ni ya karatasi. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Makamu akaegemea mbele, akatikisa kichwa kukubali, kwa tabasamu, kama mtu anayemfundisha mtoto kusema asante. Mzee Chokaa aliweka chupa chini. Mama akaitazama ile simu. Aliifikiria dari ya sawa. Kusema kweli aliifikiria vizuri, kona zote nne.

"Mimi nasema hivi," alisema. "Ile barua yako ya kuomba viatu ilifika. Ofisini hapa waliipokea, wakaipiga muhuri. Niliiokota mwenyewe kwenye pipa."

"Mimi nilidhani nilikosea kuandika," Mwiba alisema.

"Hukukosea hata nukta. Ilifika."

"Haya mama. Nimeelewa. Nisalimie baba."

Simu ikakatika. Makamu akawatazama wote wawili. "Barua gani?"

"Ya zamani," mama alisema. "Huwezi kuikumbuka."

Na kweli hakuikumbuka. Alikuna shingo, akajaribu, akaona hakuna kitu kule ndani. "Lakini yaliyoandikwa umemwambia yote?"

"Umesikia mwenyewe. Hata ya viunzi."

Makamu aliona ni heri kuhesabu hilo kuwa ushindi. Kabla mama hajafika mlangoni alikuwa ameshampigia Mwenyekiti. "Imekwisha, Mheshimiwa. Ameelewa. Mama kalia vizuri sana, mpaka mimi mwenyewe machozi yalinilenga."

Siku ya fainali ukumbi wa chama ulijaa kuanzia saa tatu asubuhi. Palikuwa na televisheni kubwa ya kukodi, waandishi wa habari watatu, wafadhili na wake zao, na keki yenye jina la Malkia, iliyofunikwa ili nzi wasiisome kabla ya wakati. Kila mtu alipewa fulana yenye uso wa Malkia kifuani. Mama naye alipewa. Mzee Chokaa ya kwake ilimbana tumboni, na pua ya Malkia ikapanuka.

Kazi za mama zilikuwa mbili, na Makamu alimweleza vizuri. Kamera zikiwaka, akae mstari wa mbele, yeye ni mama wa mwanariadha. Kamera zikizimwa, agawe chai. Kwa hiyo alikaa, akainuka, akamwaga chai, akakimbia kukaa, na mke wa mfadhili mmoja aliyemwona akihangaika alimuuliza kama hajisikii vizuri.

"Najisikia," alisema. "Ni zamu tu."

Wanawake kumi na wawili walisimama kwenye mstari. Malkia alikuwa wa tatu kutoka ndani, kidani shingoni. Mwiba alikuwa ndani kabisa, mwembamba kama sindano. Viatu vyake vilikuwa vile vile. Kamera ilipopita miguuni mama aliona uzi mweusi wa mumewe kwenye kidole kikubwa.

Bastola ikalia. Makamu alisimama kabisa, mikono kiunoni, ili waandishi wamwone akifuatilia.

Hakuna aliyekwenda. Wanawake wale kumi na wawili walitoka kama watu waliotumwa kwa jirani wasiyempenda. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Malkia alikaa nafasi ya tatu akisubiri mgongo wake. Aliyekuwa wa kwanza akapunguza, wa pili akapunguza, na Malkia akajikuta mbele peke yake kama mtu aliyesukumwa jukwaani kabla ya kujifunza wimbo. Akageuza kichwa kulia. Akageuza kushoto. Mwiba alikuwa wa mwisho, ndani, kwenye mstari wenyewe, akiteleza taratibu.

"Mbona haendi?" mfadhili aliuliza.

"Anajipanga," Makamu alisema. "Ni mbinu."

Mzunguko wa kwanza ukaisha kwa sekunde sabini na tisa. Mtangazaji alisema hata wasichana wa shule hukimbia zaidi ya hapo. Mzunguko wa pili ukaenda vile vile, na Malkia bado anageuza shingo, kulia, kushoto, kama anayemtafuta mtumishi aliyechelewa na sahani.

"Mama Usafi," Makamu alinong'ona bila kugeuka, na meno yake yamebana. "Huyu mtoto anafanya nini?"

"Anakimbia," mama alisema.

"Si alitakiwa awe mbele?"

"Mbele yupo Malkia. Si ndiye mliyemtaka mbele?"

Kengele ya mzunguko wa mwisho iligongwa, na hapo mbio zikaanza kweli. Wale wa nyuma walilipuka kwa pamoja. Malkia walimpita kulia, wakampita tena, wakampita kama gari lililoharibikia barabarani ambalo hakuna anayeuliza lina nini. Walipoingia kona wakatanuka kwenda nje wakigombea nafasi, na ndani, kando ya mstari mweupe, pakafunguka kinjia chembamba ambacho mtu mnene asingepita. Mwiba akapita. Akampita mmoja, wawili, watatu. Ukumbini hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa walikuwa wamevaa uso mwingine. Walimtafuta Malkia. Mama peke yake alikuwa anatazama mbio.

Alitamani kusimama. Akakumbuka kwamba kamera zinawaka na ameambiwa akae. Kisha akasimama.

Akamfikia wa sita, akampita. Mita ishirini. Wa tano akatazama nyuma, jambo ambalo baba yake alimkanya Mwiba tangu ana miaka tisa, na katika kutazama kule akapoteza nusu hatua. Mwiba alivuka mstari akiwa wa tano.

Malkia aliingia wa kumi na moja. Nyuma yake alikuwepo mmoja tu, aliyeteguka kifundo.

Kamera za waandishi zilizimika zenyewe. Mfadhili alitazama saa. Mkewe alivua fulana juu ya gauni lake, taratibu, akaitupia kitini, na wengine wakaanza kuvua. Mtu mmoja aliomba keki ikatwe hata hivyo, akanyamazishwa.

"Wa tano," Makamu alisema. Uso wake ulikuwa umevimba. Hakuwa anaona mbio, alikuwa anaona ndege ikiruka bila yeye. "Wa tano ni nini? Wa tano duniani hata picha hapigwi. Tumepoteza medali kwa ajili ya wa tano?"

"Mita elfu moja mia tano," sauti ilisema.

Ilikuwa ya Mzee Chokaa. Alikuwa bado amekaa, macho kwenye televisheni walikokuwa wanarudia kona ile.

"Nini?"

"Amekimbia mita elfu moja mia tano kamili. Hakuna mwingine aliyekimbia hizo. Ukitoka nje njia moja, kila mzunguko unajiongezea mita saba. Huyo aliyeshinda mwenyewe kakimbia karibu kumi za bure." Alionyesha kwa kidole. "Tazama mguu wake na mstari. Hajatoka hata mara moja, tangu mwanzo. Mimi nilimfundisha kwa kamba."

Watu wawili watatu walitazama televisheni, kwa adabu tu. Makamu alimtazama kana kwamba kiti kimesema.

"Mzee," alisema, "kesho kutwa ule mlango nautaka wazi. Viunzi vinalowa."

"Sawa," Mzee Chokaa alisema. Akavua fulana. Ilimkwama kichwani, na mkewe akamsaidia kuivuta. Lilikuwa jambo la kwanza walilofanya pamoja tangu siku ile ya mchele. Hakumsamehe, alimvua fulana tu.

Makamu akamgeukia yeye. "Na wewe, ukishaosha vikombe, usirudi. Nitatafuta mtu anayejua kusoma."

Mama alivitazama vikombe. Vilikuwa thelathini na saba, baadhi vimezimiwa sigara ndani.

"Basi huyo atavikuta," alisema.

Siku ya kuhama vibarua wawili walikuja na viunzi kwenye mkokoteni. Mizigo ya familia ilikuwa imeshatoka: godoro, masufuria, utepe wa mita hamsini ambao ulikuwa wa Mzee Chokaa mwenyewe. Walikuwa wamepata chumba mtaa wa nyuma, kwa fundi cherehani. Dari yake ilikuwa ya sawa, na bado usiku wa kwanza mume aliingia kitandani kwa magoti.

Vibarua waliingiza kiunzi cha kwanza na cha pili. Cha tatu kikagonga dari. Wakakilaza, kikaziba mlango. Wakakisimamisha, kikagonga. Makamu alikuja kusimamia, akawaambia hawana akili, akainama aingie mwenyewe awaonyeshe, akajipiga paji la uso kwenye ngazi ya nne.

"Hapo huwa tunainama," mama alimwambia kutoka nje.

Alitoka amejishika kichwa. "Ndani mle hamna nafasi."

"Hapana. Haijawahi kuwapo."

"Mlikuwa mnakaaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kumuuliza swali ambalo hakujua jibu lake. Mama hakuona sababu ya kumjibu. Makamu akaondoka kuelekea ofisini kutafuta maji ya baridi ya kukanda uvimbe, na mama akamfuata, hatua tano nyuma, kama alivyozoea.

Ofisini palinuka. Vikombe vya siku ile bado vilikuwa ukumbini, na ile keki, ambayo hakuna aliyejua itupwe wapi, ilikuwa imeshuka upande mmoja. Makamu aliketi nyuma ya meza. Mama alisimama mbele yake bila kuambiwa simama wala kaa, akatoa ile karatasi yenye miraba, akaiweka juu ya meza.

"Hii ni yako," alisema. "Ina muhuri wako."

Makamu aliisoma. Alikwenda haraka mpaka mwisho, kisha akarudi juu kwenye muhuri, kisha kwenye jina. Kwa mara ya kwanza akaiona barua iliyotajwa kwenye simu ile. Uso wake ulitafuta pa kujiweka, ukakosa. Alichopata kusema ni kile ambacho mtu mdogo husema akibanwa.

"Mbona ina mafuta?"

"Ulifungia mfupa."

Makamu aliigeuza barua. "Mfupa uko wapi?"

"Niliutupa," mama alisema. "Si ndiyo kazi mliyoniajiria?"

Akageuka, akatoka, na mlango hakuufunga. Makamu alisikiliza mpaka kandambili zake zikapotea chini ya jukwaa. Kisha akaishika ile barua kwa ncha za vidole viwili, akaikunja, akainama kuitia kwenye pipa la taka chini ya meza.

Pipa lilikuwa limejaa. Alijaribu kuisukumiza ndani. Ikarudi juu.